Mama wa Sauti

Jumatatu ya kwanza baada ya kurudi, Somoe Chande alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya mama yake, Nachingwea, akajisikiliza akimlea mtoto.

Dirisha la chumba cha Lukia lilikuwa wazi. Ndani, sauti ya Somoe, ya ujana kidogo na isiyo na mkwaruzo alioupata baharini, ilikuwa ikisoma habari ya msichana aitwaye Anna ambaye alivunja kikombe na hakumwambia mama yake. Ilisoma kwa Kiingereza. Somoe aliishia darasa la saba, na Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha kazini: fungua, funga, shinikizo, hatari, ondokeni. Alilishika neno mama na neno kikombe. Mengine yalimpita kama watu wasiomfahamu.

Sauti ikauliza swali. Lukia akajibu kirefu, bila kutafuta maneno. Sauti ikauliza tena, Lukia akajibu kwa ufupi, kisha wote wawili wakacheka. Cheko la mtoto lilikatika kwanza. Lililoendelea lilikuwa la Somoe mwenyewe, na hakujua alichokuwa anakicheka.

"Kama una nafasi ya kukaa, kaa ukiwa unachambua mchele," alisema Bi Hawa, mama yake, akimwekea ungo magotini.

"Wanasema nini?"

"Mimi nitajua wapi? Nimesomea kilimo cha ufuta." Bi Hawa alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. "Wanazungumza hivyo kila jioni. Huwa namwita ale, ananiambia Bibi ngoja, Mama hajamaliza."

Lukia alitoka akiwa amebeba kisanduku cheusi, ukubwa wa mche wa sabuni, akakiweka juu kwenye rafu ya baraza ambako jua lingekichaji. Alikuwa na miaka minane, mrefu kwa umri wake, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mdomoni anapoongea.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mmesoma nini leo?"

"Mambo ya Anna." Alifikiri kidogo. "Wewe unafanana na Mama kwa sauti. Ila yako imechakaa."

"Ndiyo. Imechakaa."

"Ndugu hufanana," alisema Bi Hawa haraka. "Haya, kanawe."

*

Wakati Somoe anaondoka, Lukia alikuwa anajifunza kuunga maneno mawili. Baba yake alikuwa amekwisha kufa kwa ajali ya mgodi. Kampuni ilikuwa inatafuta wakaguzi wa mabomba kwa ajili ya machimbo ya madini chini ya bahari, mkataba wa miaka sita, na kila mzazi aliyesaini alipewa huduma ya Sauti bila malipo.

Huduma hiyo ilikuwa na sababu ya kitaalamu. Kwenye kina kile hewa ya kawaida ni sumu: naitrojeni hulevya, na oksijeni ikizidi huunguza mapafu. Wafanyakazi huishi ndani ya vyumba vya chuma wakipumua heliamu iliyochanganywa na oksijeni kidogo. Heliamu ni nyepesi, na ndani yake mlio husafiri kwa kasi kubwa kuliko kawaida, kwa hiyo mtu mzima akifungua kinywa hutoka sauti nyembamba, ya bata. Kuna mitambo ya kuinyoosha, lakini inamnyoosha kila mtu kuwa mtu mmoja. Wazazi wa mwanzo waliojaribu kuwapigia watoto wao kutoka huko walisikia watoto wakilia kwa woga.

Basi Kampuni iliwarekodi kabla ya kushuka. Somoe alikaa wiki mbili kwenye chumba kilichofunikwa sponji, akicheka, akikaripia, akibembeleza, akisoma silabi zisizo na maana. Kutokana na hayo mashine ilijifunza kusema lolote kwa koo lake.

Sheria ilikataza mashine kuwa mlezi. Sheria hiyohiyo iliruhusu vifaa vya kujifunzia. Ndiyo maana, kwenye makaratasi, Sauti haikuwa mama wa mtu: ilikuwa zoezi la kusoma Kiingereza kwa watoto, mada yake mahusiano ya watu na malezi. Kila mazungumzo yalilazimika kuanza na habari fupi na maswali ya ufahamu. Mtoto aliyepigwa shuleni alisubiri mpaka Anna apigwe, au alimwomba Sauti amtafutie habari ambayo Anna amepigwa, ndipo aseme. Watoto walizoea. Nusu ya darasa la Lukia walikuwa na wazazi wa namna hiyo, na wakikutana mara ya kwanza waliulizana, mama yako ni wa mwili au wa sauti, kama wanavyoulizana watu wanakaa mtaa gani.

Kosa halikuwa la mashine. Maelekezo ya Kampuni yalisema mtoto aagwe, aambiwe kwamba mama anasafiri na kwamba kitakachobaki ni sauti yake tu. Lakini Bi Hawa, kama walivyofanya mama yake na bibi yake, alijua namna moja ya kuachana na mtoto mdogo: unamtoroka. Unangoja alale, au unamwambia naenda dukani, unapita mlango wa nyuma. Ukimuaga atalia mpaka apate homa. Somoe alikuwa ametorokwa hivyo mara nyingi utotoni na hakuona ubaya. Aliondoka Lukia akiwa amelala mchana. Mtoto alipoamka na kumwita mama, Bi Hawa aliwasha kisanduku, na mama akaitika.

Kwa hiyo, kwa hesabu za Lukia, mama yake hakuwahi kwenda popote.

*

"Karibu, Mama Lukia. Pole na bahari."

Aliyesema hivyo alikuwa Ngonyani, afisa wa huduma ya Sauti kwa wilaya nzima, kijana mtulivu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alikuwa mtu wa kwanza kumwita Somoe kwa jina hilo tangu ashuke kwenye basi.

"Nimeshapoa," alisema Somoe.

"Mkataba wako umekwisha, na Sauti inakwisha nao. Mwisho wa mwezi inazimwa, utake usitake. Kilichobaki kwako ni kuchagua namna."

"Namna zipi?"

"Kurithi au kufunga." Ngonyani alitoa kwenye droo kifaa kidogo cha kuvaa sikioni, akakiweka mezani. "Kurithi ni hivi. Sauti yenyewe inamwandaa mtoto. Inamwambia, mwanangu, nimepata mwili, nakuja. Siku hiyo wewe unaingia mlangoni. Mtoto akikukumbusha jambo la zamani, hiki kinakunong'oneza. Kina kumbukumbu zote. Baada ya mwaka utakuwa umeyajua mengi kichwani, unakivua."

"Anajua mimi ni mama yake mdogo."

"Nani alimwambia?"

"Mama yangu. Siku niliyofika mtoto alisimama mlangoni akauliza huyu nani, mama akaogopa."

Ngonyani aliandika kitu, akakifuta. "Hilo linarekebishika. Sauti itasema ilikuwa inaujaribu mwili kwanza."

"Inaujaribu mwili."

"Watoto wa miaka minane wanakubali mengi, Mama Lukia."

"Na kufunga?"

"Tunazima. Wewe unamwambia ukweli, kwamba ulikuwa kazini na aliyekuwa akiongea naye ni kifaa. Tunazima kwanza, halafu ndipo unasema. Ukianza kusema, mtoto atakimbilia Sauti aulize kama ni kweli, na Sauti haikuundwa kujikana."

"Waliofunga, watoto wao wako vipi?"

"Wengine wanalia wanazoea. Wengine wanaacha kuamini lolote wanaloambiwa. Yupo mmoja hapa mjini hajaongea tangu mwaka jana. Takwimu ni chache kwa sababu wanaochagua huko ni wachache."

"Na waliorithi?"

"Hatujapata malalamiko."

"Yatoke kwa nani?"

Ngonyani alikigeuza kile kifaa mezani kwa ncha ya kidole. "Mimi nina mtoto," alisema mwishoni. "Ningekuwa wewe, ningerithi."

Somoe aliomba asikilize kumbukumbu kabla ya kuamua. Ngonyani alimpa chumba na kioo kilichoonyesha tafsiri ya Kiswahili. Alichagua mwenyewe pa kuanzia: mwaka ambao Bi Hawa alimtumia ujumbe kwamba mtoto ana malaria.

Lukia alisikika akihema. Alikuwa na miaka mitano. "Anna ana homa," alisema.

"Mama wa Anna anafanya nini?" iliuliza sauti ya Somoe.

"Anamwekea mkono kwenye paji la uso."

"Vizuri sana. Kwa nini?"

"Ajue kama ni la moto."

Kwa nyuma kulikuwa na mlio wa kitambaa kikikamuliwa ndani ya beseni, na kikohozi cha Bi Hawa.

"Mama, kwa nini wewe huniwekei?"

"Hilo ni swali zuri," ilisema sauti ya Somoe, kwa upole wote aliokuwa ameutoa kwenye kile chumba cha sponji. "Tusome aya inayofuata."

Somoe aliirudia sehemu hiyo mara kadhaa. Hakulia. Alikuwa mkaguzi wa viungo vya mabomba, na kazi ile ilimfundisha jambo moja: kiungo kibovu kilichopakwa rangi ndicho kinachoua, kwa sababu hakuna atakayekirudia tena kukitazama. Aliwaza siku ambayo Lukia atamuuliza juu ya malaria ile, na kifaa kimnong'oneze cha kujibu, naye ajibu kana kwamba alikuwepo. Aliwaza kwamba itambidi pia ajibu lile swali ambalo Sauti ililiruka.

*

"Rithi," alisema Bi Hawa. Walikuwa jikoni, na Lukia alikuwa shuleni. "Huo uongo tumeshaula miaka sita, limebaki tonge moja. Wewe unataka kulitema mbele ya mtoto."

"Atajua siku moja."

"Atajua akiwa mkubwa, ana watoto wake, anajua shida ni nini. Atasema, mama alihangaika."

"Atasema nilimdanganya nikiwa nimekaa naye meza moja. Nilipokuwa kule nilikuwa mbali, mama. Sasa hivi nipo. Nikirithi nitakuwa namdanganya kila siku kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Kwani huo uliokuwa unamdanganya ulikuwa mdomo wa nani?"

Somoe aliinamisha uso kwenye sufuria. Bi Hawa alipunguza moto, akaongea kwa sauti ya chini zaidi.

"Unajua ni nani aliyekuwa anamwogesha? Unajua alipong'oka jino alilipeleka kwa kile kisanduku kwanza, akaja kwangu nimtafutie pa kulitupa? Miaka sita nimepika, nimefua, nimekesha, na kila jioni anakwenda kumwambia mwingine asante. Sijasema kitu. Sasa umekuja, nakuambia ingia humo, uchukue hiyo asante, maana ni yako. Unakataa. Unataka nini, Somoe?"

"Nataka anijue mimi."

"Wewe ni mgeni wa wiki mbili anayesonga ugali mgumu. Anakujua."

Ilikuwa kweli, na Somoe hakuwa na desturi ya kubishana na jambo la kweli. Lakini aliliona kama hoja ya upande wake. Mgeni wa wiki mbili angeweza kuwa wa miezi miwili, kisha wa mwaka. Polepole, lakini juu ya kitu kilichokaguliwa.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Ngonyani, akaweka dole gumba kwenye neno kufunga.

*

Sauti ilizimwa Jumamosi alfajiri. Asubuhi Lukia alikiwasha kisanduku, akakigonga, akakiweka juani, akakirudia. Kisha akaja na kukisimamisha mbele ya Somoe, aliyekuwa kwenye mkeka wa baraza.

"Mama haitiki."

"Kaa, Lukia. Nina neno."

Alikuwa amelifanyia mazoezi, naye alilisema kwa mpangilio, bila kupamba. Kwamba yeye si mama mdogo. Kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Kwamba aliondoka Lukia akiwa amelala, akaenda kufanya kazi chini ya bahari, na kwamba hakumuaga, na hilo lilikuwa kosa. Kwamba kisanduku kilikuwa mashine ya kusomea, kikatengenezewa sauti kutokana na yake. Kwamba imezimwa na haitawashwa.

Bi Hawa alisimama mlangoni na kanga yake mdomoni.

Lukia alisikiliza kama alivyofundishwa kusikiliza habari ya ufahamu, mpaka mwisho, bila kukatiza. Kisha akauliza maswali.

"Uliondoka lini?"

"Ulikuwa ndiyo kwanza umetimiza miaka miwili."

"Nilipokuwa na malaria ulikuwepo?"

"Hapana."

"Nani alikuwepo?"

"Bibi yako. Na mashine."

"Siku ya jino?"

"Sikuwepo."

"Tunapocheka, unacheka wewe?"

"Hapana. Nilicheka zamani, wakanirekodi."

Lukia alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali jibu la hesabu ngumu. Akasogea kwa magoti, akanyoosha mkono na kuuweka kwenye koo la Somoe. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Endelea."

Somoe aliendelea. Alimtajia jina lake, jina la baba yake, jina la mtaa. Alihisi koo lake likitetemeka chini ya vidole vya mtoto na kwa mara ya kwanza tangu arudi alikuwa na tumaini, kwa kuwa mtoto alikuwa anakagua, na anayekagua yuko njiani kuamini.

Lukia aliondoa mkono.

"Ni yake kweli," alisema. "Jana ilikuwa kwenye kisanduku. Leo haimo, iko kwako." Aliwaza kidogo zaidi, akimtazama mdomoni. "Umeichukua."

"Lukia, sikiliza. Ilikuwa yangu tangu mwanzo."

"Usiiongee."

"Mwanangu."

"Usiiongee," alirudia mtoto, bila kupaza sauti, na akaziba masikio. Bi Hawa alimfuata akamshika mabega, naye akageuka na kumwekea bibi yake mkono kooni, kisha kifuani, akiuacha hapo muda mrefu.

*

Ngonyani alikuja mara mbili kuandika maendeleo. Mtoto anakula, aliandika. Anakwenda shule. Anaongea na bibi na walimu. Anagusa shingo za watu wasiomfahamu, mwalimu amelalamika. Haongei na mzazi.

Hakuandika kwamba mzazi naye alikuwa haongei, kwa kuwa mbele yake Somoe alijibu kila swali, ila kwa kunong'ona. Alianza siku ya pili baada ya kufunga, alipoona kwamba kila akifungua kinywa chakula kinabaki kwenye sahani ya mtoto. Kunong'ona hakutumii nyuzi za koo. Ni pumzi tu, na pumzi za watu hufanana. Akinong'ona, Lukia alikaa. Akisahau na kuita kwa sauti, hata kama alikuwa anamwita kuku, Lukia aliondoka.

"Bahari imemharibu koo mwanao?" aliuliza jirani.

"Ndiyo," alijibu Bi Hawa, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa jikoni alimtazama binti yake bila hasira. "Rudisha ile mashine," alimwambia walipobaki wawili. "Kamwombe yule kijana."

"Nilishamwomba," alinong'ona Somoe. "Wanafuta kila kitu siku hiyohiyo. Ndiyo sheria."

Alikuwa ameanza kujifunza Kiingereza. Vitabu vya Anna vilikuwepo chumbani kwa Lukia, vimechapishwa, vyenye picha, naye alivisoma kimyakimya mtoto akiwa shuleni, kuanzia cha wadogo. Anna ana mama. Mama wa Anna ni mwema. Hakuvisoma ili amdanganye mtu. Alitaka kujua mtoto wake alikuwa ameambiwa nini muda wote huo, na kila alipofika mwisho wa habari alijibu maswali yote, na mengine aliyakosa.

Alasiri moja ya Jumapili, joto likiwa limewalaza hata mbwa, alipitiwa na usingizi kwenye mkeka wa baraza na kitabu kifuani. Huko machimboni wenzake walikuwa wakimtania kwamba anaongea usingizini. Pengine ndilo alilokuwa analifanya, kwa sababu alipoamka alihisi pumzi ya mtu karibu na shavu.

Lukia alikuwa amelala ubavu kando yake, sikio lake karibu kabisa na mdomo wa Somoe. Hakuwa amemkaribia hivyo tangu siku ile ya koo. Alikuwa anatabasamu.

Macho yao yalikutana, na tabasamu likaondoka.

"Unafanya nini?" alinong'ona Somoe.

"Ulikuwa umelala." Mtoto alianza kuinuka. "Ukilala unaiachia. Alikuwa anaongea na mimi."

"Nani?"

"Mama."

Alikuwa ameshakaa. Mkono mmoja ulikuwa chini, tayari kujisukuma kusimama, na Somoe alijua kwamba akisimama ataingia ndani, na kwamba Jumapili nyingine hatakuja ila awe na hakika kwamba yeye amelala kweli. Somoe aliyapima yote aliyoyajua. Alijua ukweli ni upi. Alikuwa ameshausema, wote, kwa mpangilio.

Alifumba macho. Akaziachia pumzi zake ziwe ndefu na nzito, kama za mtu aliyerudiwa na usingizi, mpaka akasikia mtoto akijilaza tena na uzito mdogo wa kichwa ukitua begani kwake. Akangoja kidogo zaidi. Kisha, kwa sauti yake kamili, kwa Kiingereza cha kubahatisha, akaanza kumsimulia habari za Anna.